Nani Aliuvunja Ushirika wa 1945?

Siku ya Aprili 25, 1945 ilibeba mambo matatu makubwa. Huko Torgau, mji mdogo kando ya Mto Elbe nchini Ujerumani, askari wa Marekani waliotoka magharibi walikutana na askari wa Jeshi Jekundu la Kisovieti waliotoka mashariki, na picha zao wakishikana mikono zikazunguka dunia nzima. Siku hiyohiyo wajumbe wa mataifa walikusanyika katika jumba la opera la San Francisco kuanza kazi ya kuandika Mkataba wa Umoja wa Mataifa. Na mchana wa siku hiyo, mjini Washington, Waziri wa Vita Henry Stimson na Jenerali Leslie Groves waliingia ofisini kwa Rais Harry Truman, aliyekuwa na siku 13 tu madarakani, wakamweleza kwa kirefu habari za silaha mpya ambayo bomu lake moja lingeweza kuangamiza mji mzima.

Wanaosimulia Vita Baridi kama jambo lililokuwa limekwisha kuandikwa hulishika hilo la tatu na kuyasahau mawili ya mwanzo. Wanaoisimulia kama usaliti huyashika mawili ya mwanzo, kisha humtafuta msaliti, na kila mmoja humpata upande asioupenda. Mimi nasema hivi: kwamba Marekani na Umoja wa Kisovieti wangeshindana lilikuwa jambo lisilokwepeka. Ila sura ambayo ushindani ule ulichukua, dunia kukatwa mapande mawili na kuelekezeana mabomu ya nyuklia kwa zaidi ya miaka 40, haikuwa lazima iwe. Iliamuliwa na watu tunaowajua, kwa tarehe tunazozijua, na wengi wao walikuwa na sababu ambazo ukizisikiliza kwa utulivu utaziona zina maana. Hilo ndilo linaloniuma zaidi katika historia hii, kuliko kama tungekuwa na mwovu mmoja wa kumnyooshea kidole.

Siku hizi ni rahisi kuyadharau matumaini ya mwaka ule. Kila Baraza la Usalama linaposhindwa kutenda, husemwa kwamba Umoja wa Mataifa ulikuwa kiini macho tangu siku ya kwanza. Lakini waliokutana San Francisco hawakuwa watoto. Walikuwa wameliona Shirikisho la Mataifa likiundwa baada ya vita ya kwanza, wakaliona likishindwa kuikinga Manchuria na baadaye Ethiopia, na kasoro yake waliijua: Marekani haikujiunga kamwe, na dola kubwa iliyochukizwa na uamuzi ilifunga virago ikaondoka. Ndiyo maana Franklin Roosevelt, rais aliyemtangulia Truman, alishikilia kwamba safari hii wenye nguvu wafungwe ndani, hata kama itabidi wapewe upendeleo. Kura ya turufu, yaani haki ya dola kubwa kuuzuia uamuzi wa Baraza la Usalama kwa kura yake peke yake, ndiyo iliyokuwa bei yenyewe. Wamarekani waliitaka kama Wasovieti walivyoitaka. Bila hiyo Stalin asingetia saini, na Seneti ya Marekani isingekubali. Julai 28, 1945 Seneti iliupitisha Mkataba kwa kura 89 dhidi ya 2, Seneti ileile iliyolikataa Shirikisho la Mataifa robo karne kabla yake.

Tena Mkataba uliandikwa uwe na meno. Kifungu cha 43 kinataka nchi wanachama zitenge majeshi yatakayoitikia wito wa Baraza la Usalama, na kifungu cha 47 kiliunda kamati ya wakuu wa majeshi ya nchi tano zenye viti vya kudumu ili iyaongoze. Kamati ile ilikutana kweli. Wasovieti walitaka kila dola itoe vikosi sawa na mwenzake; Wamarekani walitaka kila mmoja atoe kwa kadiri ya nguvu zake, jambo ambalo lingewapa wao sehemu kubwa ya ndege na meli. Wakabishana juu ya ukubwa wa vikosi na mahali vitakapokaa, na kufikia 1948 mazungumzo yalikuwa yamekwama. Majeshi yale hayajaundwa hadi leo. Kwa upande wa fedha ilikuwa hivyohivyo. Umoja wa Kisovieti ulikuwa miongoni mwa nchi 44 zilizokutana Bretton Woods Julai 1944, na ulipangiwa mgawo wa dola bilioni 1.2 katika Shirika la Fedha la Kimataifa, wa tatu kwa ukubwa baada ya Marekani na Uingereza. Muda wa kuridhia ulipofika mwisho, Desemba 1945, Moscow ikawa haijaridhia. Kiti kilikuwepo, mwenye kiti hakuja.

Kwa hiyo swali si kama ushirikiano ulikusudiwa. Ulikusudiwa. Swali ni kilichoukwamisha.

Ukitaka kujua ufa ulipoanzia, nenda Poland. Uingereza iliingia vitani mwaka 1939 kwa ajili ya Poland. Umoja wa Kisovieti ulivamiwa mwaka 1941 kupitia Poland, na ukapoteza watu wapatao milioni 27. Idadi hiyo inapaswa kusomwa taratibu, kwa sababu Marekani katika vita ileile ilipoteza askari wapatao 400,000, na hakuna mji wake hata mmoja wa bara uliolala kifusi. Stalin aliposema hatakubali tena serikali adui mjini Warsaw, hakuwa akitunga hofu.

Lakini hofu ya kweli haimsafishi mtu na anachokifanya kwa ajili yake. Mwaka 1939 Stalin alikuwa ameigawana Poland na Hitler. Mwaka 1940 polisi wake wa siri waliwapiga risasi Wapoland wapatao 22,000, maofisa wa jeshi na wasomi, Katyn na mahali pengine. Na mwaka 1944, wakazi wa Warsaw walipoinuka dhidi ya Wajerumani, Jeshi Jekundu lilikuwa limefika ng'ambo ya Mto Vistula, nao wakapondwa bila kusaidiwa kwa namna yoyote iliyotosha. Baada ya hayo yote, Poland yenye uchaguzi huru isingeweza kuchagua serikali inayoipenda Moscow. Katika mkutano wa Yalta, Februari 1945, viongozi watatu, Roosevelt, Stalin na Waziri Mkuu wa Uingereza Winston Churchill, waliyaandika yote mawili kwenye karatasi moja: uchaguzi huru, na serikali ambayo kiini chake kilikuwa ni watu waliowekwa na Wasovieti. Kila mmoja aliondoka Yalta akiwa ameshika sentensi yake. Mwezi mmoja baadaye viongozi 16 wa harakati za chinichini za Poland waliitwa kwenye mazungumzo na maofisa wa Kisovieti, wakakamatwa, wakapelekwa Moscow kushtakiwa. Uchaguzi ulipofanyika, Januari 1947, ulichakachuliwa. San Francisco walipotia saini Mkataba, Juni 26, 1945, nchi zilizosaini zilikuwa 50. Poland iliachiwa nafasi yake, ikaja kusaini Oktoba.

Hapa sioni udhuru. Wako wanaosema Stalin alifanya Warsaw kile ambacho Waingereza na Wamarekani walikuwa wakifanya kwingineko, na hoja hiyo haitakiwi kupuuzwa. Italia ilipojisalimisha mwaka 1943, nchi za Magharibi ziliwaweka Wasovieti pembeni katika kuisimamia. Oktoba 1944 Churchill mwenyewe alikwenda Moscow akamwandikia Stalin kwenye karatasi jinsi ya kugawana ushawishi: Romania asilimia 90 kwa Warusi, Ugiriki asilimia 90 kwa Waingereza, na nyingine kwa mafungu yake. Desemba mwaka huohuo askari wa Uingereza waliwapiga wapiganaji wa mrengo wa kushoto katika mitaa ya Athens, na Stalin akanyamaza, kama mtu anayetimiza ahadi. Kwa macho ya Moscow, makelele ya Truman juu ya Poland yalikuwa ni kuvunja mapatano baada ya kula fungu lako. Hata hivyo kuna tofauti ambayo haiwezi kufunikwa. Nchini Italia chama cha kikomunisti kilifanya kampeni hadharani, kikapata kura, kikakaa serikalini hadi Mei 1947. Nchini Poland kiongozi wa chama cha wakulima, Stanisław Mikołajczyk, aliishia kuikimbia nchi yake mwaka huohuo.

Nikisema hivyo sijamaliza, maana Ulaya Mashariki ilikuwa nusu ya shauri. Nusu ya pili ni ya uchumi na ya bomu, na humo lawama inavuka bahari.

Mei 1945, siku chache tu baada ya Ujerumani kusalimu amri, Washington ilikata ghafla misaada ya vita kwa Umoja wa Kisovieti. Meli zilizokuwa njiani ziliamriwa zirudi. Amri ile ilirekebishwa haraka, lakini ujumbe ulikuwa umefika. Miezi michache nyuma Molotov, waziri wa mambo ya nje wa Kisovieti, alikuwa ameomba mkopo wa dola bilioni 6 kwa ajili ya kujenga upya nchi ambayo, kwa hesabu za Wasovieti wenyewe, miji 1,700 na vijiji 70,000 vilikuwa vimeharibiwa. Baadaye ombi likashuka hadi dola bilioni 1, na ofisi za Washington zikatoa maelezo kwamba karatasi zake ziliwekwa mahali zisipoonekana. Mwaka 1946 Uingereza ilipewa mkopo wa dola bilioni 3.75. Mei mwaka huohuo Jenerali Lucius Clay, naibu mtawala wa kijeshi wa eneo la Marekani nchini Ujerumani, alisimamisha upelekaji wa mitambo ya viwanda iliyokuwa sehemu ya fidia ya vita kwa Moscow. Clay alikuwa na sababu: Wasovieti walikuwa wakizoa kila kitu katika eneo lao bila kutoa hesabu, na walipa kodi wa Marekani ndio waliokuwa wakiwalisha Wajerumani wa magharibi. Na Wasovieti nao walikuwa na sababu: mvamizi aliyewateketezea nchi alikuwa akianza kusamehewa deni. Yuko wapi hapo mwongo? Simwoni.

Kisha bomu. Truman alimdokeza Stalin huko Potsdam, Julai 24, 1945, kwa maneno machache tu, kwamba Marekani ina silaha mpya yenye nguvu isiyo ya kawaida. Stalin, ambaye majasusi wake walikuwa wamekwisha kumwarifu, hakuonyesha mshangao. Wiki mbili baadaye Hiroshima ikaangamia, kisha Nagasaki. Kama bomu lilikusudiwa pia kuwatisha Wasovieti ni jambo linalobishaniwa hadi leo. Ninachokiona katika kumbukumbu zilizopo ni kwamba lengo kuu lilikuwa kuimaliza vita na Japani, ila baadhi ya washauri wa Truman, James Byrnes akiwa mbele, waliona faida ya pili na hawakuificha.

Kilichofuata ndicho ninachokitazama kama nafasi kubwa kuliko zote iliyopotea. Azimio la kwanza kabisa la Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, Januari 24, 1946, mjini London, liliunda tume ya kuiweka nishati ya atomu chini ya usimamizi wa dunia nzima. Juni mwaka ule Bernard Baruch aliwasilisha mpango wa Marekani. Chombo cha kimataifa kimiliki au kisimamie kila hatua, kuanzia mgodi wa urani hadi kiwanda. Wakaguzi waingie kila nchi. Mvunja sheria aadhibiwe bila kura ya turufu kumkinga. Na Marekani iharibu mabomu yake baada ya mfumo wote kusimama. Siku tano baadaye mjumbe wa Kisovieti, Andrei Gromyko, akajibu kwa mpango ulio kinyume: mabomu yapigwe marufuku na kuharibiwa kwanza, usimamizi ufuate.

Tuwatendee haki wote wawili. Ungekuwa Mmarekani, ungeharibu silaha yako ya pekee kwa ahadi ya dola iliyofungwa kabisa, isiyoruhusu hata mwandishi wa habari kutembea mikoani? Na ungekuwa Msovieti, ungewafungulia wakaguzi viwanda vyako vyote, ukaacha utafiti wako, ukamwachia mpinzani kuwa ndiye pekee mwenye bomu na ujuzi wa kulitengeneza mpaka atakaporidhika? Ni kama majirani wawili, kila mmoja akipandisha ukuta wa uani kwa kumwogopa mwenzake, na kila tofali linaloongezwa huku linakuwa ushahidi kule kwamba kuna hila inapangwa. Na kama hiyo haitoshi, Julai 1946, wakati mazungumzo yanaendelea, Marekani ililipua mabomu mawili ya majaribio katika kisiwa cha Bikini. Desemba 25 Wasovieti waliwasha kwa siri kinu chao cha kwanza cha atomu mjini Moscow. Desemba 30 tume ilipiga kura kwa mpango wa Marekani: kura 10 ziliunga mkono, na Umoja wa Kisovieti na Poland zilijizuia. Kura ilishinda na mpango ukafa. Agosti 29, 1949 Wasovieti walilipua bomu lao.

Naamini Baruch alikosea mno kuigusa kura ya turufu. Mpango uliotangulia, ulioandaliwa na Dean Acheson na David Lilienthal, haukuweka sharti hilo. Kumtaka Stalin aachie kinga yake pekee ndani ya Baraza ambalo wengi wa wajumbe wake walikuwa marafiki wa Marekani kulikuwa ni kumwandikia jibu la hapana. Lakini siwezi kuapa kwamba bila sharti lile angekubali. Beria, mkuu wa polisi wa siri wa Stalin, alikuwa amekabidhiwa mradi wa bomu tangu Agosti 1945, na kwa tabia ya utawala ule sidhani kama ungesimamishwa kwa ajili ya karatasi yoyote.

Mwaka huo wa 1946 ni mwaka wa maneno. Februari 9 Stalin alihutubia wapiga kura akirudia fundisho la kale kwamba ubepari huzaa vita. Februari 22 George Kennan, mwanadiplomasia wa Marekani mjini Moscow, alituma telegramu ndefu akieleza kwamba utawala ule huihitaji picha ya adui wa nje ili uhalalishe ukatili wake wa ndani. Machi 5 Churchill, akiwa hana tena cheo serikalini, alisimama Fulton, Missouri, akazungumzia pazia la chuma. Septemba balozi wa Kisovieti mjini Washington, Nikolai Novikov, naye alituma ripoti yake nyumbani, na ukiiweka kando ya ile ya Kennan utashangaa jinsi zinavyofanana kwa umbo: kila mmoja amemwona mwenzake akitaka kuitawala dunia.

Ila katikati ya maneno hayo kuna tukio ambalo husahauliwa, nalo ni Iran. Waingereza na Wasovieti waliokuwa wameikalia nchi hiyo wakati wa vita walikuwa wameahidi kuondoka kufikia Machi 2, 1946. Waingereza waliondoka. Wasovieti walibaki, huku wakiulinda utawala uliojitenga huko Azerbaijan ya Iran. Iran ikalipeleka shauri mbele ya Baraza la Usalama, Gromyko akatoka nje ya kikao kwa hasira, na bado ilipofika Mei majeshi ya Kisovieti yalikuwa yameondoka. Shinikizo la Marekani lilichangia, na ahadi ya mafuta ambayo waziri mkuu Qavam aliitoa kwa Moscow ilichangia, na bunge la Iran likaja kuikataa ahadi ile mwaka uliofuata. Hata hivyo nchi dhaifu ilisimama kwenye jukwaa la dunia ikamshtaki jirani mwenye jeshi kubwa, na jirani akaondoka. Katika miezi hiyo mlango ulikuwa bado haujafungwa.

Naona ulifungwa kati ya Machi na Julai 1947. Uingereza iliyofilisika iliiarifu Washington kwamba haiwezi tena kuibeba Ugiriki. Machi 12 Truman aliliomba Bunge dola milioni 400 kwa ajili ya Ugiriki na Uturuki, lakini hakuishia kwenye hesabu hiyo. Aliieleza dunia nzima kuwa iko mbele ya njia mbili za kuishi. Jambo la Ugiriki lilikuwa na mipaka yake: waliowapa silaha waasi walikuwa zaidi Wayugoslavia na majirani wengine, na Stalin mwenyewe Februari 1948 aliwaambia viongozi wa Yugoslavia kwamba uasi ule ufungwe. Shauri la nchi moja likafanywa shauri la dunia. Naelewa kwa nini, kwani Bunge la Marekani lililokuwa limechoka na vita lisingetoa fedha kwa lugha ya upole. Lakini lugha ikishatolewa humfunga aliyeitoa.

Juni 5 George Marshall, waziri wa mambo ya nje wa Marekani, akiwa Chuo Kikuu cha Harvard, alitangaza msaada wa kuijenga Ulaya yote, na Umoja wa Kisovieti haukuachwa nje kwa maneno. Molotov alikwenda Paris na ujumbe mkubwa wa wataalamu wa uchumi. Mtu hachukui wataalamu wa uchumi ili akasuse. Alichokikuta ni sharti la kuweka hesabu za nchi mezani na kupanga uchumi kwa pamoja, na baadhi ya walioandaa mpango ule Washington walitaraji kwamba Wasovieti wasingelikubali. Julai 2 akaondoka. Serikali ya Chekoslovakia, iliyokuwa na wakomunisti na wasio wakomunisti, ilikuwa imekwisha kuukubali mwaliko. Mawaziri wake wakaitwa Moscow, na ndani ya siku chache wakaukataa. Waziri wa mambo ya nje, Jan Masaryk, alijua tangu hapo kwamba nchi yake haikuwa tena na uhuru wa kuamua. Februari 1948 wakomunisti walitwaa madaraka yote Prague, na Machi 10 Masaryk alikutwa amekufa chini ya dirisha lake.

Ukinilazimisha kugawa lawama, basi nitasema Stalin anabeba ile ya kuzikanyaga nchi za Ulaya Mashariki, na anaibeba peke yake, maana hakuna mkopo wala ukarimu wowote ulioonyesha dalili ya kumzuia. Truman na watu wake wanabeba sehemu yao katika kuugeuza ugomvi wa mahali fulani kuwa vita vya imani visivyo na mpaka, na katika kutojaribu kwa dhati kuitumia fedha yao pale ilipokuwa bado ina nguvu ya kushawishi.

Sisi wa Afrika Mashariki na Kati tuna sababu ya kuitazama hesabu hii kwa jicho letu. Sehemu kubwa ya urani ya bomu la Hiroshima ilitoka Shinkolobwe, huko Katanga, ikachimbwa na Wakongo ambao hawakuambiwa ni ya kazi gani. Askari wa King's African Rifles kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland walipigana katika misitu ya Burma. Lakini San Francisco Afrika ilikuwa na viti vinne tu: Misri, Ethiopia, Liberia, na Afrika Kusini ya Wazungu wachache, ambayo waziri wake mkuu, Jan Smuts, ndiye aliyeandika rasimu ya dibaji inayotaja haki za msingi za binadamu.

Pamoja na dharau hiyo, Mkataba uleule uliacha upenyo. Desemba 1946 Tanganyika na Ruanda-Urundi ziliwekwa chini ya Udhamini wa Umoja wa Mataifa, na Udhamini ulikuwa na kitu ambacho koloni la kawaida halikuwa nacho: haki ya wananchi kupeleka malalamiko New York. Wameru walipohamishwa kwa nguvu kutoka Engare Nanyuki mwaka 1951 ili kuwapisha walowezi, Kirilo Japhet alikwenda mwaka uliofuata kuusimulia ulimwengu. Ardhi haikurudi wakati ule, lakini Watanganyika walijifunza njia. Machi 7, 1955 Julius Nyerere alisimama mbele ya Baraza la Udhamini kwa niaba ya TANU. Wakenya hawakuwa na mlango huo. Katika miaka hiyohiyo wao walikuwa chini ya hali ya hatari, kambini na misituni.

Ushindani wa madola uliupanua upenyo huo na kuubana kwa wakati mmoja. Wajumbe wa Kisovieti waliwasema Waingereza na Wabelgiji ndani ya Baraza la Udhamini bila kuwaonea haya, na Wamarekani hawakutaka kuonekana watetezi wa ukoloni. Lakini tangu Aprili 1949 Uingereza, Ubelgiji na Ureno zilikuwa washirika wa Marekani ndani ya muungano wa kijeshi wa NATO, na mshirika hasukumwi sana. Kongo ilipopata uhuru mwaka 1960, Katanga yenye madini ikajitenga, na Januari 17, 1961 Patrice Lumumba akauawa hukohuko Katanga. Mtu anayeniambia Vita Baridi ilikuwa amani ndefu ananikumbusha kwamba anaihesabu Ulaya peke yake.

Je, ingewezekana vinginevyo? Nina sababu za kusema ndiyo, na hazitoki kwenye hotuba. Wakati Wasovieti walipoifunga Berlin Magharibi kwa nchi kavu, kuanzia Juni 24, 1948 hadi Mei 12, 1949, na ndege za Magharibi zikawa zinapeleka chakula na makaa, maofisa wa Kisovieti waliendelea kukaa ofisi moja na Wamarekani, Waingereza na Wafaransa katika kituo cha usalama wa anga cha Berlin, wakiratibu njia za ndege. Mzingiro wenyewe ulifunguliwa kwa mazungumzo ya faragha New York, kati ya Philip Jessup na Yakov Malik, wajumbe wa nchi zao kwenye Umoja wa Mataifa. Shirika la Afya Duniani, ambalo Wasovieti walilisusa mwaka 1949 kisha wakarudi, lilipokea mwaka 1958 pendekezo lao la kuifuta ndui duniani. Chanjo zikatoka pande zote mbili, na mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa kwa njia ya kawaida alipatikana Merca, Somalia, mwaka 1977.

Kuna na Austria. Nayo ilikaliwa na majeshi ya nchi nne kama Ujerumani, na mji wake mkuu ukagawanywa kama Berlin. Mei 15, 1955 nchi hizo nne zilitia saini mkataba wa kuirudishia uhuru wake, na kabla mwaka haujaisha majeshi yote yakawa yameondoka na Austria imejitangaza kutofungamana na upande wowote. Wasovieti waliondoka mahali walipokuwa wamekalia kwa nguvu, bila kupigwa risasi moja.

Wapinzani wa hoja yangu hujibu kwamba Austria ilikuwa ndogo. Ni kweli, na hapo ndipo ninapowakubalia. Ujerumani ilikuwa na makaa na chuma cha bonde la Ruhr, na watu waliokuwa wameitikisa dunia mara mbili. Hakuna upande uliothubutu kuiona yote ikiangukia kwa mwingine. Machi 1952 Stalin alipopendekeza Ujerumani moja isiyofungamana, nchi za Magharibi zilikataa bila kumjaribu, na wanahistoria bado hawajapatana kama alikuwa akisema kweli. Mimi nadhani hakuwa akisema kweli yote. Lakini mwaka 1952 Stalin alikuwa na bomu, Korea ilikuwa ikiwaka moto, na Ujerumani mbili zilikuwa zimekwisha kuwa na serikali, sarafu na polisi wake kila moja. Pendekezo lile lingepata uzito kama lingekuja, na kupimwa, kabla Molotov hajapanda ndege kuondoka Paris.